Mwanao Alikwisha Kuacha Ziwa, Wewe Ndiye Uliyemrudisha

“Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 3 na nusu, na bado namnyonyesha. Nimesoma sana kuhusu jambo hili na ninajua kwamba mtoto huacha mwenyewe akiwa tayari, hivyo nimeamua asilazimishwe. Mume wangu zamani aliniunga mkono, lakini sasa amegeuzwa na mama yake, ambaye ni mtu wa shamba na hajui mambo ya kisasa. Kila akija huniuliza mtoto anakula nini, na mara ya mwisho alileta unga wa uji kana kwamba kwangu kuna njaa. Nilipokwenda msibani Korogwe kwa siku nne, mtoto alibaki kwake Pangani na hakuomba ziwa, nao wakaifanya hiyo kuwa hoja, ingawa niliporudi nilimwita nikampa na akanyonya vizuri. Nasikia pia kwamba alitaka kumwachisha kwa shubiri nikiwa sipo. Mume wangu analala sebuleni tangu Ramadhani, kwa sababu mtoto hulala nami na hunyonya usiku. Anataka mtoto wa pili, nami nimemweleza kwamba si vizuri kukaribiana wakati mtoto ananyonya, maana atabemendwa. Yale ya simu sitaki kuyarudia, nilishamsamehe. Naomba uandike madhara ya kumwachisha mtoto kwa nguvu ili nimwonyeshe. Ni mimi, Mama Anayeonewa, Tanga.”

Marahaba, mwanangu. Kuamka usiku kumnyonyesha mtoto kwa miaka 3 na nusu si kazi ndogo, na wengi wanaotoa maneno juu ya ziwa la mwenzao hawajapoteza hata usiku mmoja wa usingizi kwa ajili ya mtoto huyo. Pole. Sasa tuzungumze.

Nianze na maziwa yenyewe, kwa kuwa hapo una haki yako na sitakunyima. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi, na hiyo “au zaidi” haikuwekewa kikomo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho awali kilitaja mwaka mmoja au zaidi, kilitoa tamko mwaka 2022 kikisema kinawaunga mkono akina mama wanaotaka kufika miaka 2 na kuendelea, maadamu mama na mtoto wote wawili wanapenda. Yupo pia mwanaanthropolojia wa huko huko, Katherine Dettwyler, aliyemlinganisha binadamu na sokwe kwa mambo kama kuota kwa magego na ukuaji wa mwili, akakadiria kwamba umri wa asili wa kuacha ziwa uko kati ya miaka 2 na nusu na miaka 7. Sitashangaa nikiambiwa kwamba jina lake limekwisha kupita katika makundi ya WhatsApp unayoyasoma. Kwa hiyo majirani wanaodai kwamba maziwa yakifika mwaka wa tatu hugeuka maji machafu wanasema wasilolijua, na msomaji anayetumaini kwamba leo nitamkemea kila mama mwenye mtoto mkubwa kifuani atasubiri sana.

Lakini wewe hukuniandikia kwa sababu ya maziwa. Nimeisoma barua yako nikairudia, na mara ya pili niliacha kutazama ulichotaka nikione nikatazama kilichokuponyoka.

Tuanze na msiba wa Korogwe. Unasema mtoto alikaa siku nne kwa bibi yake bila kuomba ziwa, na kwamba uliporudi “nilimwita nikampa”. Mwanangu, maneno hayo umeyaandika kwa mkono wako. Najua atatokea mtu wa kunirekebisha kwamba watoto wengi hawaombi ziwa mama asipokuwepo, kwa kuwa wanajua limekwenda naye, na kwamba wakimwona tu hulikumbuka. Ni kweli, na kama ungeniambia kwamba alikukimbilia mlangoni akakuvuta kanga, ningenyamaza. Hukusema hivyo. Ulisema ulimwita. Mtoto aliyekaa siku nne akicheza uani kwa bibi yake, akala na kulala kama watoto wengine, aliitwa aje anyonye, naye akanyonya, kwa kuwa mtoto wa umri huo akiitwa na mama aliyemkosa kwa siku nne atakubali chochote atakachopewa, iwe ziwa, iwe kipande cha muwa. Wewe ukalichukua hilo kuwa ushahidi kwamba bado analihitaji. Ikiwa unaamini kweli kwamba mtoto ndiye wa kuongoza, basi kiongozi wako alikwisha kukuonyesha njia pale Pangani, na wewe ndiye uliyekataa kumfuata.

Pili, kubemenda. Hapa nilicheka peke yangu, na unisamehe. Katika mwanzo wa barua wewe ni mwanamke aliyesoma, na mama mkwe wako ni mtu wa shamba asiyejua mambo ya kisasa. Mistari michache mbele, mume anapotaka haki yake ya ndoa, wewe uliyesoma unakimbilia imani ya kubemenda, ambayo hukuisoma popote katika hivyo vitabu vyako. Unachagua usasa pale unapokufaa na ukale pale unapokufaa, na mara zote mbili anayefungiwa mlango ni mtu mmoja. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto anayenyonya. Kinachomdhoofisha mtoto ni kukosa chakula cha kutosha, kuhara na homa za mara kwa mara, na kunyang’anywa ziwa akiwa bado mchanga kwa sababu mimba nyingine imeingia kabla ya wakati wake. Wazee waliliona hilo la mwisho kwa macho yao, wakalitengenezea mwiko ili wazazi wapishanishe uzazi, na mwiko huo uliwaokoa watoto wengi. Leo ushauri wa kitaalamu ni kwamba baada ya kujifungua mtoto hai, mama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Wewe umekwisha kusubiri miezi 42. Mwiko umekwisha muda wake, mwanangu, na sasa unautumia kama komeo.

Ndipo tunafika kwenye simu. Nani alikuuliza habari za simu? Barua yote inahusu ziwa, uji na mkwe, kisha katikati unaniambia kwamba hutaki kuyarudia yale ya simu kwa kuwa ulishasamehe, halafu unaendelea na mengine kana kwamba hukusema kitu. Mtu aliyesamehe hahitaji kutangaza msamaha wake kwa mtu ambaye hakujua hata kama kulikuwa na kosa. Sijui uliona nini katika simu hiyo, na sitakisia, lakini naijua mantiki ya moyo ulioumia: huwezi kumwambia mume “usinikaribie, bado nina uchungu nawe”, kwa sababu ulikwisha kusema umesamehe, lakini unaweza kumlaza mtoto katikati ya kitanda na kumwambia kwamba mtoto anamhitaji mama yake usiku. Hakuna mwanamume anayeweza kubishana na hilo bila kuonekana mbaya. Basi alichukua mto wake akaenda sebuleni, na wewe ukapata ulichokitaka bila kukitamka. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha uchungu huu vizuri kiasi kwamba mume wako anadhani tatizo ni kunyonyesha, na mama yake anadhani tatizo ni uji.

Na huyo mama yake, nitamtetea waziwazi, kwa kuwa hana wa kumtetea katika barua yako. Amefanya nini hasa? Ameuliza mjukuu wake anakula nini. Ameleta unga. Amemtunza mtoto siku nne ulipokuwa na msiba na akamrudisha mzima. Kuhusu shubiri, unaandika “nasikia”, wala husemi umesikia kwa nani, tena jambo lenyewe halina kichwa wala miguu: shubiri hupakwa kwenye titi la mama ili mtoto alionje akakunja uso, sasa mama mkwe aliyeko Pangani angelipaka titi lipi ilhali matiti yako yalikuwa nawe Korogwe? Sisemi kwamba bibi hawezi kukosea, na wapo mabibi ambao hawana njia nyingine isipokuwa shubiri na pilipili, nao kwa hilo nawakataza, maana mtoto hajafanya kosa lolote hata achomwe ulimi na kitu alichokizoea kuwa faraja. Lakini huyu wako hakufanya hivyo.

Tena swali lake ndilo swali la kwanza ambalo muuguzi wa kliniki angekuuliza. Katika mwaka wa pili wa mtoto maziwa ya mama hutoa kama theluthi moja ya nguvu anazohitaji, na theluthi mbili zilizobaki hutoka kwenye sahani. Mwanao yumo katika mwaka wa nne, kwa hiyo sahani ndiyo mlezi wake mkuu sasa. Madini ya chuma yaliyomo katika maziwa ni machache na hayamtoshi mtoto aliyepita miezi 6. Katika barua nzima hukutaja kitu kimoja ambacho mtoto huyu hutafuna. Hakuna ndizi, hakuna dagaa, hakuna yai wala kijiko cha maharage, na sahani pekee inayoonekana ni ile iliyoletwa na mkweo, nayo umeiita tusi. Mtoto anayenyonya mara nyingi usiku kucha huamka tumbo limejaa na hana hamu ya uji wa asubuhi, kisha mama husema hapendi kula. Chukua kadi yake ya kliniki leo hii uangalie ni lini alipimwa uzito kwa mara ya mwisho. Kadi ile inakwenda mpaka miaka 5, lakini akina mama wengi huitupa kabatini mara chanjo zinapokwisha. Kila mwezi wa Juni na wa Desemba hutolewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, je, amevipata? Kama mstari wa uzito wake unapanda vizuri, nitaufunga mdomo wangu kuhusu chakula. Kama umelala au unashuka, basi mtu wa shamba aliona jambo ambalo msomi hakuliona.

Sasa niruhusu nitoke kidogo nje ya chumba chako, kwa kuwa si wewe peke yako. Zamani binti wa pwani aliolewa akiwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemjua yeye, akamjua mume na ukoo wake, na ambaye angeweza kuingia ndani akatazama kitanda na chungu na akasema, “Hapa kuna jambo.” Siku hizi somo amekuwa kundi la simu lenye wanawake mia mbili wasiojuana, ambako kila mmoja anasikia nusu ya habari ya ndoa ya mwenzake, na kwa nusu hiyo anatoa hukumu nzima. Mwanamke akiandika kwamba mume hataki aendelee kunyonyesha, majibu hamsini yanakuja kabla ya Alasiri kwamba wanaume ni wabinafsi, wanalionea wivu ziwa la mtoto, na kwamba mama ndiye anayejua. Hakuna anayemuuliza mume analala wapi. Ndoa za sasa zimejaa maneno makubwa ya kitaalamu yanayofunika ugomvi ule ule wa kale, wa mtu aliyeumizwa na mwenzake na asiyejua pa kuanzia kulisema. Na wanaume hawatoki salama katika hili. Mumeo aliyekaa sebuleni tangu Ramadhani bila kuuliza swali la maana, na kumwachia mama yake mzazi kazi ya kuuliza, naye ana lake la kujibu, kwa sababu kuhama kitanda si kuzungumza.

Kwa kuwa umetaja Ramadhani, naamini unaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara. Inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na inaendelea kueleza kwamba wazazi wote wawili wakitaka kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana, si dhambi juu yao. Mashauriano hayo yametajwa katika jambo ambalo mwanamume hana hata kiungo cha kulifanyia. Ziwa ni lako, lakini mtoto ni wenu, na wewe umeamua peke yako kisha ukaja kwangu kutafuta karatasi ya kumwonyesha. Sitakuandikia karatasi hiyo.

Nitakuandikia hii badala yake. Mtoto aachishwe, lakini kwa upole na kwa hatua, na kwanza wewe uache kumwita. Kanuni ni nyepesi: asipoomba usimpe, akiomba usimnyime, na utashangaa jinsi maombi yake yatakavyokuwa machache pale ambapo hayatangulizwi na wewe. Akiomba kwa sababu ana kiu, mpe maji kwenye kikombe. Akiomba kwa sababu amechoka, mpakate na umsimulie hadithi. Anza na kunyonya kwa mchana, ambako kuna michezo ya kumsahaulisha, na ukimaliza huko uingie usiku. Usiku ndipo baba yake atakapokuwa na kazi. Yeye ndiye amlaze, amwimbie kama anaweza, na mtoto akiamka aamkiwe na mwenye kifua kisicho na maziwa. Siku za mwanzo atalia, na kulia mikononi mwa baba anayempenda hakumharibu mtoto. Mnunulieni kitanda chake na chandarua chake, mumwambie ni vyake, kwani mtoto wa umri huu anaelewa maneno, na ni bora aambiwe ukweli kwamba anakua kuliko kudanganywa kwamba maziwa yameliwa na paka. Usikate ghafla kwa siku moja, kwa ajili yako mwenyewe, maana matiti yatajaa, yatauma na yanaweza kupata uvimbe na homa. Yakijaa kamua kidogo tu ya kupunguza maumivu, na ukiona wekundu na joto nenda zahanati. Ule unga wa mkweo upike uji mzito, uweke karanga zilizosagwa au maziwa, na mchana apate chakula mnachokula ninyi, chenye mboga na dagaa au maharage, wala usimpikie cha peke yake.

Kuhusu mtoto wa pili, sitakulazimisha. Kama hutaki kuzaa sasa, hiyo ni haki yako na una njia za kuisema. Lakini usiendelee kudhani kwamba kunyonyesha kunakukinga, kwa kuwa kinga hiyo hufanya kazi pale tu mtoto anapokuwa hajafikisha miezi 6, ananyonya peke yake mchana na usiku bila kupewa kingine, na mama hajaona siku zake. Wewe huna hata sharti la kwanza. Zahanati kuna sindano, kuna vijiti, kuna kitanzi, na muuguzi atakueleza kipi kinakufaa. Nenda na mumeo, ili ajue kwamba unasubiri na wala hukumkimbia.

Kabla ya yote hayo, mpigie mama mkwe wako simu umshukuru kwa siku zile nne. Usimweleze mengine, yeye hayamhusu. Kisha usiku mmoja mtoto akiwa amelala, nenda sebuleni alipo mumeo, kaa naye, umwambie kwamba ulisema umesamehe na hukusamehe, na umtajie ulichokiona na jinsi kilivyokuuma. Usiingize habari ya ziwa wala ya mama yake wala ya mtoto wa pili. Msikilize mpaka mwisho hata kama jibu halikupendezi. Akikujibu kwa ukali, au akikataa kukujibu, niandikie tena, na safari hiyo barua ianze na simu.